Gramu 60 Mkononi: Fizikia ya Upinde wa Fidla wa Kifaransa

Mpiga fidla mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, aliwahi kuniwekea pinde mbili mezani, kando ya mizani ya sonara, akaniambia nizipime. Wa kwanza ulisoma gramu 60. Wa pili nao ulisoma gramu 60. Kisha akaniambia nifumbe macho, akanishikisha mmoja baada ya mwingine kama anavyoshika yeye: kidole gumba chini, cha shahada juu kwa mbele, cha mwisho juu kwa nyuma. Mimi si mpiga fidla, lakini tofauti niliihisi papo hapo. Wa kwanza ulivuta chini, ncha yake ikining'inia, na kidole changu cha mwisho kikaanza kutetemeka kabla sijahesabu hadi kumi. Wa pili ulitulia mkononi kama njiwa aliyezoea kushikwa.

"Maalim, mbona mizani inasema ziko sawa?"

"Mizani inapima uzito, mwanangu. Mkono unapima uzito umekaa wapi."

Ule wa pili ulichongwa kwa mfano wa Kifaransa, mfano uliokamilika mjini Paris miongo miwili ya mwisho ya karne ya 18. Mafundi wa leo, wawe Ulaya, Brazili au China, bado wanaufuata. Fidla yenyewe ilikuwa imeshafikia umbo lake huko Italia muda mrefu kabla ya hapo. Upinde ndio uliochelewa. Ukichunguza kwa nini ulichelewa, utaona kwamba tatizo lake ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu ufito huo mmoja unatakiwa uwe mkakamavu, uwe mwepesi, na wepesi huo ukae mahali pake.

Tuanze na kidole kilichotetemeka. Upinde mkononi ni wenzo, na egemeo lake ni kidole gumba. Kitovu cha uzito wa upinde, pale ambapo ungeweza kuulaza juu ya kidole kimoja ukatulia, kiko mbele ya gumba. Tuseme kiko sentimita 18 mbele. Kidole cha mwisho kiko nyuma ya gumba kama sentimita 4 tu. Ili upinde usianguke ukiwa hewani, kidole hicho kinapaswa kubonyeza chini kwa kani inayotosheleza hesabu hii: 60 mara 18, gawanya kwa 4. Jibu ni 270. Upinde wa gramu 60 unakidai kidole kidogo kani sawa na uzito wa gramu 270.

Sasa sogeza kitovu hicho mbele kwa sentimita 2 tu, bila kuongeza hata chembe ya uzito. Hesabu inakuwa 60 mara 20, gawanya kwa 4, yaani 300. Kidole kimeongezewa gramu 30, nusu ya uzito wa upinde mzima, na mizani ya sonara haikuona kitu.

Hiyo ni hali ya kutulia. Upinde ukianza kusogea, mambo yanazidi. Kila chembe ya mti hukataa kuzungushwa, na ukataaji huo, ambao vitabu vya fizikia huuita inesha, hukua kwa kipeo cha pili cha umbali kutoka egemeo. Gramu 1 iliyo sentimita 65 kutoka gumba ni ngumu kuigeuza mara 25 kuliko gramu 1 iliyo sentimita 13. Jaribio lake unaweza kulifanya uani. Chomoa uchelewa mmoja kwenye ufagio. Ushike upande mnene, uutikise. Kisha ugeuze, ushike upande mwembamba, uutikise tena. Ni uchelewa uleule, lakini mara ya kwanza unafuata mkono, na mara ya pili unabaki nyuma na kuyumba. Mnazi umeshamchongea kila mtoto wa pwani kielelezo cha upinde wa Kifaransa.

Je, upinde unafanya kazi gani hasa juu ya uzi? Watu wengi hudhani nywele za farasi zina magamba yanayoukwaruza uzi. Magamba yapo, ila hayatoshi. Chukua upinde wenye nywele mpya ambazo hazijapakwa kitu, uburute juu ya uzi, na utapata karibu ukimya mtupu. Kinachofanya kazi ni ulimbo mkavu wa msonobari, ambao mpigaji husugua kwenye nywele kabla ya kupiga. Ulimbo huo una tabia moja muhimu: hushika kwa nguvu uzi ukiwa umetulia juu yake, na hulegeza mara uzi unapoanza kuteleza. Kiti cha mbao kikiburutwa kwenye sakafu ya saruji hulia kwa sababu hiyohiyo: kinanasa, kinaponyoka, kinanasa tena.

Kwenye fidla kunasa na kuponyoka huko kunafuata nidhamu ya ajabu. Unywele unaunasa uzi na kuuvuta kando. Uzi unaponyoka, unarudi nyuma haraka, kisha unanaswa upya, mara moja katika kila mtetemo. Kwenye uzi wa pili, unaotetemeka mara 440 kwa sekunde, uzi unaponyoka mara 440 kila sekunde. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliutazama mwendo huo kwa hadubini maalumu na kuueleza katika kitabu chake cha mwaka 1863. Aligundua kwamba kinachoonekana kwa macho kama uzi uliovimba katikati kwa kweli ni kona moja kali inayokimbia kwenda na kurudi juu ya uzi, na kila inapopita chini ya upinde ndiyo inayotoa amri ya kunasa au kuponyoka.

Ili kona hiyo iendelee kukimbia, mkandamizo wa upinde lazima ukae kati ya mipaka miwili. Ukipungua mno, uzi unaponyoka kabla ya wakati na sauti inakuwa nyembamba, kama filimbi iliyopasuka. Ukizidi mno, kona inapita na uzi bado umenaswa, na sauti inageuka mkwaruzo. John Schelleng wa Marekani aliichora mipaka hiyo mwaka 1973 na kuonyesha kuwa nafasi kati yake husinyaa kadiri upinde unavyokaribia daraja linaloinua nyuzi. Huko karibu na daraja ndiko sauti inakokuwa kubwa na yenye kung'aa, na huko ndiko mkono unakohitaji uhakika zaidi.

Kwa hiyo upinde ni chombo cha kupeleka kani. Vidole viko upande mmoja, uzi uko upande wa pili, na mahali pa kugusana panabadilika kila nukta, kutoka kisigino, kama Wafaransa wanavyouita upande wa mkononi, hadi nchani. Kwenye kisigino uzito wa mkono mzima uko juu ya uzi. Nchani karibu hakuna kitu: kwa wenzo wetu ule wa sentimita 18, uzi ulio sentimita 60 kutoka gumba unapata gramu 18 tu kutoka kwa uzito wa upinde. Nyingine zote zinatoka kwenye kidole cha shahada, na kila gramu moja inayofika nchani inakigharimu kidole hicho gramu 15 hivi. Ufito ukiwa mlegevu, sehemu ya kani inapotelea njiani ikiukunja mti, na inafika imechelewa.

Upinde wa zamani ulikuwa hivyo. Ulipinda kuelekea nje, mbali na nywele, kama upinde wa mwindaji. Lugha yetu ina haki kabisa kuviita vyote viwili kwa jina moja. Lakini tazama kinachotokea ukiukaza. Upote wa mwindaji huvuta ncha mbili zikaribiane, na kadiri unavyovuta ndivyo ufito unavyozidi kujikunja. Kwa mwindaji hiyo ni faida, kwani ndimo anamohifadhi nguvu ya mshale. Kwa mpiga fidla ni hasara: akibonyeza, upinde unakubali kwanza na kujibu baadaye. Leopold Mozart, baba yake Wolfgang, aliwafundisha wanafunzi katika kitabu chake cha mwaka 1756 kwamba kila sauti, hata iliyo kali, huanza na ulaini mdogo usiosikika vizuri. Alikuwa anaeleza mtindo wa wakati wake, na mtindo huo ulitokana na mti aliokuwa ameshika.

Aliyegeuza mambo ni François Xavier Tourte, aliyezaliwa Paris mwaka 1747 na kufa mwaka 1835. Baba yake na kaka yake Nicolas Léonard walikuwa mafundi wa pinde, lakini yeye alianza kama mtengenezaji wa saa, na naona ufundi huo katika kila kitu alichofanya baadaye. Mtu aliyezoea magurudumu ya saa haogopi sehemu ya kumi ya milimita. Inasimuliwa kwamba alijifunzia kwenye mbao za mapipa ya sukari kabla ya kuthubutu kugusa mti wa thamani. Mwaka 1782 mpigaji mkubwa wa Kiitalia, Giovanni Battista Viotti, alifika Paris na upigaji mpana, wa sauti kubwa inayojaza ukumbi, na katika miaka hiyo upinde wa Tourte ukakamilika. London nako John Dodd alikuwa akielekea njia hiyohiyo, lakini vipimo vilivyoshika dunia ni vya Paris.

Tourte aliupinda ufito kuelekea ndani, kwenye nywele. Mkazo wa nywele unapovuta, ufito haujikunji zaidi, bali unanyooka. Mti na nywele vinashindana tangu mwanzo, kila kimoja kikimzuia mwenzake, na upinde unakuwa tayari kabla mkono haujabonyeza. Mkazo huo ni mkubwa, kama nyutoni 60, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 6. Bila mpindo wa ndani, ufito mwembamba kiasi hicho ungejikunja kama upinde wa mwindaji.

Fundi haupati mpindo huo kwa kuuchonga. Angeuchonga, angezikata nyuzi za mti katikati ya njia yake, na mti uliokatwa nyuzi huvunjika hapohapo. Anachonga ufito ulionyooka kwanza, akifuata nyuzi za mti kwa uaminifu. Kisha anaupitisha juu ya moto, akiuzungusha usiungue, hadi joto lifike moyoni mwa mti. Lignini, ile gundi ya asili inayounganisha nyuzi za kila mti, hulainika kwa joto. Fundi anauegemeza ufito kwenye ukingo wa meza, anaukunja kidogo, anaushika bila kupumua hadi upoe, anautazama kwa jicho moja kuanzia kisigino, kisha anasogea sentimita chache na kuanza tena. Lignini ikipoa inaganda katika umbo jipya, na hakuna uzi hata mmoja wa mti uliokatwa. Ufito ukiwa umejinyonga hata kidogo, mkazo wa nywele utautupa upande. Kwa hiyo jicho lile linatafuta mambo mawili kwa pamoja: mpindo ulio sawasawa, na mstari usiokwenda kulia wala kushoto.

Sasa unene, na hapa ndipo ninapoona uzuri wote wa kazi hii. Ukiukunja ufito, nyuzi za juu zinavutwa na za chini zinabanwa, huku zile za katikati zikikaa bila kazi. Ufito ukiwa mnene mara mbili, nyuzi za nje ziko mbali na katikati mara mbili, kwa hiyo zinavutwa mara mbili. Kani hiyo inafanya kazi kwa wenzo ulio mrefu mara mbili. Na eneo la mti unaofanya kazi limekuwa kubwa mara nne. Zidisha: 2 mara 2 mara 4, ni 16. Ukakamavu wa ufito wa duara hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake. Fundi akiondoa asilimia 1 ya unene, amepoteza karibu asilimia 4 ya ukakamavu. Ndiyo maana pinde mbili ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha mkono unazitofautisha mara moja.

Jean-Baptiste Vuillaume, fundi na mfanyabiashara mkubwa wa Paris, alizipima pinde za Tourte, na matokeo yake yalichapishwa na mwanahistoria wa muziki François-Joseph Fétis mwaka 1856. Sentimita 11 za kwanza kutoka kisigino zina unene usiobadilika, milimita 8.6. Kuanzia hapo ufito unapungua hadi milimita 5.3 karibu na kichwa, yaani upande wa ncha. Lakini haupungui kwa mstari ulionyooka. Vuillaume aliweka alama kila mahali unene ulipopungua kwa milimita 0.3, akaona umbali kati ya alama moja na nyingine unazidi kufupika kadiri kichwa kinavyokaribia, na kwamba mpango huo ulijirudia kutoka upinde mmoja hadi mwingine. Aliweza kuueleza kwa mchoro wa jiometri. Tourte aliupata kwa mkono.

Kwa nini mpango huo ni sahihi? Kani inayoukunja ufito ni kubwa karibu na mkono na hupungua kuelekea kichwa, kwa hiyo mti mwingi unahitajika huku na mchache unatosha kule. Na inesha, tumeona, inatoza ghali zaidi kwa gramu zilizo mbali. Sababu zote mbili zinataja mahali pamoja pa kupunguza. Ila hesabu ile ya kipeo cha nne inatisha: kati ya milimita 8.6 na 5.3, ukakamavu unashuka karibu mara saba. Fundi akipunguza mapema mno, upinde unakuwa laini katikati, na nywele zinagusa mti mpigaji anapobonyeza. Akichelewa kupunguza, kichwa kinavuta chini, na tumerudi kwenye upinde ule wa kwanza ulionitetemesha kidole.

Mpango huo hauna maana kama mti si wenyewe. Mti unaotakiwa una ukakamavu mwingi kwa uzito mdogo, na kuna namna rahisi ya kuupima: angalia kasi ya sauti ndani yake. Sauti hukimbia haraka katika kitu kigumu na hupunguzwa mwendo na uzito. Hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Katika pernambuco iliyo bora, mti ambao pinde hizi huchongwa, inazidi mita 5,000 kwa sekunde, karibu sawa na katika chuma, ilhali chuma kina uzito mara saba hadi nane zaidi kwa ujazo uleule. Giovanni Lucchi wa Cremona alibuni kifaa kidogo cha kupima kasi hiyo, na mafundi wengi leo wanacho. Wazee wao waliudondosha ufito mezani na kusikiliza mlio wake.

Mlio unaeleza jambo la pili. Mti mwingi hula mtetemo na kuugeuza joto, lakini pernambuco hula kidogo sana. Miaka ya 1990 wanasayansi wa Japani walitoa kemikali zilizo ndani ya mti huo, wakazipenyeza kwenye mti mwingine wa kawaida, na mti ule ukapunguza kula mtetemo. Kemikali hizo zinakaa pamoja na rangi nyekundu ambayo kwa ajili yake Wareno walianza kuukata mti huu pwani ya Amerika Kusini karne ya 16, kupaka vitambaa vya Ulaya. Jina la nchi ya Brazili limetokana na mti huo. Magogo yalifika Ufaransa kama bidhaa ya wapaka rangi, na mafundi wa pinde wakachagua humo. Sisi tuna mpingo, ambao kutoka kusini mwa Tanzania umekuwa klarineti na oboe duniani kote, lakini kwa ufito wa upinde mpingo ni mzito kupita kiasi. Kila mti una kazi yake.

Baada ya Tourte, kazi ilishikwa na watoto wa Mirecourt, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa. Dominique Peccatte, aliyezaliwa huko mwaka 1810, alifika katika karakana ya Vuillaume mjini Paris akiwa kijana wa miaka 16. Pinde zake zina kichwa chenye pembe kali kama shoka na ufito wenye nguvu. Mpigaji anayetaka kujaza ukumbi mkubwa huzitafuta, kwa sababu anaweza kubonyeza karibu na daraja bila ufito kukubali kushindwa. François Nicolas Voirin, aliyezaliwa mwaka 1833, alikwenda njia nyingine: kichwa kidogo, ufito mwembamba, na mpindo uliosogezwa karibu na kichwa. Uzito ukiwa mdogo mbele, upinde wake unageuka upesi na kucheza miruko midogo kwa urahisi, ingawa hautavumilia mkono mzito. Eugène Sartory, wa mwaka 1871, alirudi kwenye nguvu na kuifanya itegemewe, na hadi leo wapigaji wa okestra wanaheshimu pinde zake kwa sababu hiyo.

Miruko hiyo nayo ni fizikia. Upinde ukiachiwa udunde juu ya uzi, nywele zinafanya kazi ya springi na ufito unazunguka kwenye gumba. Karibu na mkono hudunda polepole, na kuelekea ncha hudunda haraka. Kila upinde una mahali pake karibu na katikati ambapo mdundo wake unalingana na mwendo wa muziki, na mpigaji huwa anapatafuta mahali hapo siku ya kwanza anayoushika. Upinde mzuri haumlazimishi kuurusha, kwani unaruka wenyewe na yeye anauongoza.

Mti wenyewe umebaki mchache. Msitu wa pwani ya Brazili umekatwa karne nyingi, na tangu mwaka 2007 biashara ya kimataifa ya pernambuco iko chini ya CITES, mkataba wa kulinda viumbe vilivyo hatarini. Mafundi wengine wamejiunga kupanda miche, ambayo itahitaji miongo kabla ya kutoa ufito. Wengine wanatengeneza pinde za nyuzi za kaboni, na nyingi ni nzuri, hasa kwa wanafunzi.

Kwa hiyo kama unao upinde wa mti, uwe wa Paris au wa karakana isiyojulikana, ukimaliza kupiga legeza skrubu inayokaza nywele hadi zining'inie kidogo. Mti unaobebeshwa mzigo muda mrefu husalimu amri taratibu, na joto na unyevu wa pwani yetu vinaharakisha. Nywele nazo hurefuka kwenye unyevu na kufupika kwenye ukavu. Upinde uliokazwa Unguja na kufungiwa kwenye sanduku utafika Dodoma umekazwa zaidi, bila mtu kuugusa. Ni ufito wa gramu 60. Usiuache ubebe kilo 6 usiku kucha.